Aliyepokea Ndoo Bwawani

Siku ile kwenye bwawa letu la samaki, huku Mlali, tulikuwa mume wangu Lameck, wifi yangu Evarista, mama mkwe Paskazia, na mimi. Mwanangu Elieza, ndiyo kwanza ameanza uji, alikuwa mgongoni kwangu.

Kila mwaka kabla ya mvua tunazoa tope. Mama anachunga samaki kwenye pipa. Lameck anajaza ndoo chini, ananipa mimi kwenye mteremko, nami nampa Evarista juu, anamwaga. Mama alitufundisha kumwita mtu jina kabla ya kumpa ndoo. "Evarista, pokea!" Hatukuwahi kumuuliza kwa nini.

Jioni ile tulikuwa tumechoshana. Tope lote la jana lilikuwa limeporomoka tena ndani, na wingu lilishatanda upande wa Kongwa.

"Mlimwaga karibu mno!" Lameck alifoka.

"Panda umwage mwenyewe!" Evarista alimjibu kutoka juu. "Kazi yako kunguruma kama mashine ya kusaga."

Tukanuna. Hakuna aliyemwita mwenzake tena. Ndoo zikapita kimyakimya.

Giza likaanza kuingia. Nilipandisha ndoo bila kutazama juu, viganja vimechubuka, machozi ya hasira yananitoka. Kisha nikaona ndoo tupu zinarudi zimefutwa mshikio. Safi kabisa. Nikasema moyoni, wifi amenionea huruma.

Vidole vyake vilikuwa vya baridi... Na ile harufu. Tope la chini kabisa, lisiloona jua.

"Umechoka," sauti ikanong'ona. "Nipe mtoto nikushikie."

Nikashukuru. Nikafungua fundo la kanga.

"Wifi!" Evarista aliita. Kutoka jikoni, ng'ambo ya shamba. Kumbe alishaondoka kwa hasira, bila kuaga. "Mlete mtoto, uji umeiva!"

Juu yangu, mikono ilikuwa bado imenyooshwa.

Nilipiga yowe. Lameck akapanda mbio na tochi ya simu.

Hapakuwa na mtu. Ndoo tu, zimepangwa vizuri ukingoni.

Mama mkwe alikaa chini taratibu.

"Ana huruma sana," alisema. "Hata mimi alinifutia ndoo, mwaka tulipochimba bwawa hili."

"Nani, mama?"

"Sikumwita jina. Nitalijuaje?" Akamtazama Elieza. "Lameck si mwanangu wa kwanza. Wa kwanza nilimpa anishikie."

Mvua zilianza wiki ileile, bwawa likajaa. Samaki tuliwauza wakiwa bado kwenye pipa.