Nilingoja Nistaafu Ndipo Nitubu

Nina miaka sitini na mbili, mjane, muuguzi mstaafu. Kwetu ni Meru lakini naishi Garissa. Wasomaji wenzangu, sitaki mnihurumie. Nataka mnisikilize tu, halafu mnilaani mkipenda.

Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa mkuu wa zahanati ndogo upande wa Kutulo. Jina lake nalificha. Wauguzi tulikuwa wawili tu, mimi na Kerubo, mama kijana wa Kisii aliyekuwa amemwacha bintiye Moraa kwa bibi yake. Tulikula sufuria moja. Aliniita dada mkubwa.

Jumamosi moja zamu ilikuwa yangu. Kerubo alikuwa kitandani siku ya tatu, malaria imempanda kichwani, anaongea na watu wasiokuwepo. Nami nikasikia kuna pickup inakwenda Elwak, mji wa mpakani... Elwak, jamani! Vitambaa vya bei rahisi, manukato, mashuka! Nikajiambia, kwani nani atazaa leo? Nikafunga zahanati, nikatia ufunguo kwenye mkoba, nikapanda.

Niliporudi alasiri nilikuta watu barazani. Mwanamke aliyeletwa kujifungua alikuwa amefunikwa shuka. Mtoto alikuwa analia, mzima. Mama alikuwa amekwisha, damu imemtoka yote mbele ya mlango nilioufunga mimi! Walibisha chumbani kwa Kerubo mpaka wakachoka, hakutoka.

Mnadhani nililia? Hata! Nilizunguka nyuma, nikafungua mlango wa huko kwa ufunguo uleule, nikaingia ofisini. Rosta yetu ya zamu iliandikwa kwa penseli. Nikafuta jina langu, nikaandika la Kerubo. Kisha nikaenda chumbani kwake. Alikuwa amelala, anatweta. Nikausukuma ufunguo chini ya mto wake.

Asubuhi homa ilipoanza kushuka nikamwambia, macho makavu, kwamba nilimwomba anishikie zamu naye akaitikia. Maofisa wa afya walipofika siku hiyo wakauliza ufunguo ulikuwa kwa nani. Kerubo mwenyewe alipeleka mkono chini ya mto akautoa. Aliutazama ufunguo, akanitazama mimi, kama anayeomba nimsaidie kukumbuka. Mimi nikatazama sakafu.

Mume wa marehemu, Abdullahi, alinijia na kibuyu cha maziwa ya ngamia. "Bole sana, sista," akaniambia. "Hii imeandikwa na Allah. Sisi hapana kasirika na wewe, wewe ilikuwa safari." Kerubo hakuna aliyemsalimia. Na maziwa yale, wasomaji, niliyanywa. Nikamaliza.

Kerubo akafutwa kazi. Nilisikia anauza mboga sokoni kwao, na kwamba kila akisikia mwanamke anajifungua hujifungia ndani.

Nami? Nilihamishiwa Wajir, kisha Garissa, nikapandishwa cheo. Usidhani nilisahau. Nilikuwa na hesabu zangu na Mungu! Kanisani nilipenda sana habari ya yule mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu, akatubu dakika ya mwisho na bado akaahidiwa kuingia peponi. Nikajiambia, ikiwa yeye alipokewa akiwa anakata roho, mimi kwa nini niharakishe nipoteze kazi? Nitatubu nikistaafu. Mungu si mchoyo.

Na kweli, Jumapili ya kwanza baada ya kustaafu nilisimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda. Nikasema nilisababisha kifo, nikamsingizia dada mmoja. Nililia kwelikweli! Mchungaji akasema damu ya Yesu imeniosha. Akina mama wakanikumbatia, wakapiga vigelegele, tukanywa chai na mandazi. Nilitembea kurudi nyumbani mwepesi kama mtoto.

Lakini sasa sikilizeni uovu wangu ulivyo. Nilikaa miezi minane bila kumtafuta Kerubo. Miezi minane! Nilikuwa nimeshasamehewa, haraka ya nini? Nilipaka nyumba rangi, nikafuga kuku, nikawa naombwa nishuhudie kwenye mikutano ya akina mama.

Nilipofunga safari hatimaye hadi Kisii, Moraa ndiye aliyenifungulia mlango, msichana mzima sasa. Nikajitambulisha. Akashika mdomo. "Anti! Mama alikungoja sana!"

Alikuwa amezikwa wiki tano kabla. Kansa.

Moraa aliniketisha akanihadithia. Mamake alipoona mwisho unakaribia alimwita mzee wa kanisa, akatubu. Alitubu kwa kumwacha mwanamke afe mlangoni! Alisema alisikia watu wakibisha akadhani ni ndoto, na kwamba alikuwa ameahidi zamu akalala. Alilia siku tatu akiuliza kama Mungu anaweza kumsamehe mtu kama yeye. Mzee wa kanisa alimwambia anaweza, lakini Kerubo hakuamini. Alikata roho akiuliza.

Dhambi yangu! Aliitubia yeye dhambi yangu, na kwa uchungu ambao mimi mwenyewe sijawahi kuwa nao!

Kisha Moraa akaleta leso mpya ya maua mekundu. "Alisema nikupe, Anti. Akuombe radhi kwa kukuangusha."

Hapo ndipo nikamwambia yote, penseli, mkoba, mto. Nilipomaliza nikaongeza, mjinga mimi, kwamba nimeshatubu na Mungu amenisamehe. Moraa hakupiga kelele. Alinisukumia leso mkononi.

"Chukua, ni yako. Mama hakuacha maneno mengine," akasema. "Lakini hapa kwetu usiniambie Mungu amekusamehe. Mama yangu hakuna aliyemwambia hana kosa."

Akafungua mlango, akasimama kando nipite.

Wasomaji, sikatai kwamba Mungu husamehe hata anayetubu uzeeni. Naamini amenisamehe. Lakini yule mwizi alikuwa amepigiliwa misumari mikono na miguu, hakuweza kwenda popote kurekebisha alichoharibu. Mimi miguu yangu ilikuwa huru miaka kumi na tisa, na basi liliondoka Garissa kila asubuhi!

Nawasihi, kama kuna mtu uliyemkosea na bado anapumua, usianzie kanisani. Vaa viatu uende kwake leo hii, hata ukifukuzwa, hata ukifungwa. Mimi leso yangu iko kwenye kabati. Sijaivaa, na siwezi kuitupa.