Pilipili Katika Sikio la Gunia

Siku ya Jumamosi soko kuu la Bunia halina adabu. Wauza samaki wa Tchomia hupigana vikumbo na wauza viazi, wenye pikipiki hupiga honi kana kwamba honi ndiyo inayofungua njia, na asiyejua kukwepa kiwiko hurudi nyumbani na alama. Kando ya maghala ya nafaka, katikati ya zogo hilo, Emérance Vahwere alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akishona midomo ya magunia. Alivaa kitenge cha rangi ya haradali chenye maua ya buluu, kilemba kimekazwa, na sindano yake ndefu ilikuwa haipumziki.

"Dada! Mufuko yangu ilikuja ya kwanza, na uko nashona ya mwingine!"

Aliinua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu, vumbi la barabara ya Boga limemjaa hadi kwenye kope, na bado alithubutu kuvaa shati jeupe. Dereva wa lori, shati jeupe! Emérance alitaka kucheka, akajizuia.

"Papa, hapa tunashona kwa foleni, hatushoni kwa makelele."

"Miye si papa ya mutu. Jina yangu Tharcisse."

"Basi Papa Tharcisse, kaa chini."

Akakaa juu ya gunia lake la maharagwe, akatazama mikono ya yule msichana. Ilikuwa mikono ya kutazamwa, tusidanganyane. Alikunja pembe mbili za gunia zikawa masikio mawili. Katika sikio la kushoto akatia pilipili moja kavu, kisha akashona kutoka sikio hadi sikio kwa uzi mmoja mwekundu, bila kuukata.

"Pilipili ya nini? Unatupikia?"

"Ya kufukuza panya. Na batu wenye maulizo mingi."

"Miye si panya."

"Tutaona."

Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha Butembo, kabla familia haijahamia Bunia: sikio la kushoto, pilipili moja, uzi mmoja. Uzi ukikatika njiani hufungi fundo, unafumua na kuanza upya. Kila mshonaji pale sokoni alikuwa na rangi yake ili mwenye mzigo asipoteze mali. Nyekundu ilikuwa ya Emérance, na soko zima lilijua.

Baada ya mwezi mmoja, Tharcisse hakuwa na mshonaji mwingine. Baada ya miezi mitatu alikuwa akipita hata siku ambazo hakuwa na gunia la kushonwa. Wakabuni mchezo wao wawili, wala hawakumwambia mtu: kila safari, gunia moja Emérance hulitia bonboni, peremende ya mnanaa, badala ya pilipili, na Tharcisse huitafuta akishusha mzigo ng'ambo ya mpaka.

Ilikuwa miaka ile ya amani ya kulala na viatu miguuni. Risasi zilikuwa zimenyamaza mjini, lakini hakuna aliyekuwa tayari kuapa kwamba zimekufa. Hata hivyo watu walipendana, maana moyo haungoji ruhusa ya serikali.

Jioni moja simu ya Emérance ililia.

"Mon cœur, nimefika Mahagi. Nimeacha lori kwenye parking na mifuko yote makumi ine. Bonboni iko mu gani?"

"Tafuta."

"Niambie tu namba moja!"

"Mutu mwenye kupenda anatafuta, Tharcisse."

"Sawa. Kesho nikivuka mpaka nitaifungua na meno. Na nikirudi, niko na neno moja ya kukuuliza."

"Uliza sasa."

"Hapana. Neno hii haipiti mu simu."

Neno lile halikupita kwenye simu wala kwingine. Kesho yake asubuhi, kwenye kizuizi cha mpakani, maaskari walilipasua gunia moja tumboni kwa kisu. Pamoja na maharagwe zilimwagika nyaya na vifaa vya kulipulia mabomu. Wiki hiyohiyo wageni sita walikuwa wamekamatwa ng'ambo kwa kupanga kulipua kanisa na kituo cha mabasi. Redio zikatangaza mtandao wa ugaidi wa kimataifa, na dereva wa Bunia akawekwa katika dosie moja ya mashtaka na watu ambao hakuwahi kuwaona hata kwa ndoto.

Wapelelezi walikuja sokoni. Mmoja alimwonyesha Emérance picha ndogo kwenye simu, kioo chenyewe kimepasuka.

"Huu uzi ni wa nani?"

"Nyekundu? Ni yangu," alijibu, kwa fahari ya mtu anayeitambua kazi yake. Akatia sahihi. Hakujua ametia sahihi nini.

Mahakama ya kwanza ilisoma sahihi ile kwa sauti: gunia halikufunguliwa tangu Bunia, mshonaji mwenyewe amelitambua, basi dereva alijua alichobeba. Miaka ishirini.

Emérance alilia hadi macho yakakauka. Kisha alipika sombe, majani ya muhogo, kwa samaki wa kukaushwa kwa moshi, akaifunga sufuria kwa kitambaa, akaipeleka gerezani, maana mfungwa asiyepelekewa chakula na watu wake hali kitu. Kwenye lango alikutana na Hortense, dada mkubwa wa Tharcisse. Hortense aliingia na sufuria, akatoka nayo vilevile, kitambaa hakijafunguliwa.

"Anasema usirudie hapa tena."

"Ya Hortense, dada yangu, alisema vile kweli?"

"Kwa kinywa yake. Na miye naongeza yangu: sahihi yako ndiyo ilimufunga. Beba sombe yako, mama."

Maumivu ya siku ile sitayapamba. Alitembea hadi nyumbani na sufuria kichwani, na harufu ya samaki ikamfuata njia nzima. Alijua ameichongea roho aliyoipenda. Aliamini pia kwamba roho hiyo imemchukia, na hapo, kama tutakavyoona, alikosea.

Miezi minane ikapita. Kisha tangazo likatoka: mahakama ya rufaa itaketi Bunia. Hukumu ikithibitishwa, Tharcisse atapelekwa gereza la Kinshasa, mbali na kila anayemjua. Asubuhi hiyo Emérance aliacha kigoda chake, akaenda kwa wakili, Maître Léonie, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa na subira ndogo.

"Maître, ile picha ya mufuko, naomba niione."

"Uliiona tayari. Ulisema ni ya kwako."

"Niliona rangi. Sikuona mushono."

Léonie alifungua dosie na kutoa picha kubwa, safi. Emérance aliinama juu yake. Mara akashika ukingo wa meza.

"Fundo hii si yangu."

"Fundo gani?"

"Hapa katikati. Uzi ni yangu, lakini mutu aliukata, akafungua mufuko, akaushona tena na uzi uleule. Ulikuwa mufupi sasa, akaunga. Miye siungi, Maître! Na tazama chini yake, haya matundu ya zamani, ni ya sindano yangu. Lori ililala usiku muzima kwenye parking ya Mahagi!"

Wakili alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ile mingine iko wapi?" aliuliza Emérance.

"Mifuko thelathini na tisa? Iko mu depo ya mahakama. Fukusi wanaila. Lakini sikiliza muzuri, binti yangu. Ukisimama kule na kusema mufuko ni yako, sindano ni yako, uzi ni yako, mwendesha mashtaka anaweza kuomba ufungwe palepale. Unaingia ukiwa shahidi, unatoka ukiwa na pingu. Umefikiri?"

"Nimefikiri miezi munane."

Siku ya kesi ukumbi ulifurika hadi madirishani. Emérance alivaa kile kitenge chake cha haradali. Tharcisse aliletwa na maaskari wawili, amekonda, shati jeupe limekuwa kijivu. Alipomwona msichana wake mbele ya majaji, uso ulimbadilika.

"Emérance, rudi nyumbani!" alipiga kelele. "Bwana Prezida, huyu hajue kitu! Mumuache aende!"

Kumbe! Ukumbi ulinong'ona. Prezida wa mahakama, mzee mwenye sauti nzito, aliamuru mshtakiwa atolewe nje wakati shahidi akizungumza.

Emérance akasema yote: sikio la kushoto, pilipili moja, uzi mmoja. Mwendesha mashtaka alisimama huku akitabasamu.

"Nani atatuambia kwamba hukulifunga lile fundo kwa makusudi, ili uje utuchezee leo?"

"Bwana, leta mufuko na uzi."

Vikaletwa. Alipiga magoti sakafuni, akakunja masikio, sindano ikaenda na kurudi, na kabla karani hajamaliza kuandika sentensi moja, gunia lilikuwa limefungwa. Uzi mmoja, hakuna fundo. Watu walipiga makofi hadi Prezida akagonga meza.

"Mikono yangu haijue kuunga," alisema, bado amepiga magoti. "Lakini musiniamini miye. Mufungue masikio ya mifuko yote. Mutakuta pilipili thelathini na nane, na kitu ingine mu mufuko moja. Sitaitaja. Muulizeni Tharcisse. Tangu walimufunga hatujasemezana hata neno moja."

Wakamrudisha Tharcisse.

"Mshtakiwa," alisema Prezida, "katika masikio ya magunia yako kulikuwa na nini?"

Tharcisse alitazama dari.

"Sijue."

Maître Léonie alisimama.

"Tharcisse, mushahidi amekubali mwenyewe kwamba alishona. Hakuna mutu wa kuficha tena. Sema."

Tharcisse alimtazama Emérance. Emérance hakupepesa jicho, wala hakutikisa kichwa. Taratibu ule uso uliokonda ukaanza kucheka.

"Pilipili, Bwana Prezida. Kila mufuko pilipili moja, sikio ya kushoto. Ila moja, iko na bonboni ya mnanaa. Alikuwa ananichokoza. Ile safari sikuitafuta, munisamehe, munajua ju ya nini."

Magunia yakaburutwa ndani, yakitoa unga wa fukusi. Karani, kijitambaa puani, alifungua sikio baada ya sikio na kupiga chafya kila mara. Pilipili. Pilipili. Pilipili. Gunia lililopasuliwa tumboni likafunguliwa pia: masikio yake mawili yalikuwa matupu, na fundo lilikuwa pale katikati. Walipofika gunia la thelathini na moja, kitu kidogo katika karatasi ya kijani kilianguka juu ya meza ya majaji.

Ukumbi mzima ulisimama. Hata askari mmoja alisahau bunduki yake ukutani akapiga makofi.

Siku sita baadaye hukumu ilisomwa. Gunia lilifunguliwa na mkono usiojulikana, baada ya kuondoka Bunia. Mkono wa nani, mahakama haikusema. Kuhusu Tharcisse ilisema wazi: hana hatia, aachiwe leo.

Kwenye ngazi za mahakama vigelegele vilifika hadi barabara kubwa. Emérance alisimama pembeni, anaogopa kusogea. Tharcisse ndiye aliyesogea.

"Ulirudisha sombe yangu," Emérance alisema. Ndilo neno la kwanza lililomtoka, na machozi yakafuata.

"Niliirudisha ju ya kukuchunga, chérie. Wangekuona kila siku kwenye mulango ya gereza, wangesema: huyu ndiye mwenzake. Walinipiga wiki mbili nitaje jina ya mushonaji. Sikuitaja."

"Na miye nikajitaja mwenyewe, mujinga!"

"Mujinga mwenye amenitoa."

"Ungeniambia basi!"

"Kupitia nani? Ya Hortense hawezi kuchunga siri hata ya chumvi."

Hortense alikuwa nyuma yao, anasikia yote. Alikuwa amebeba sufuria iliyofunikwa kitambaa.

"Ni ya sombe," alisema, macho chini. "Nimepika miye. Si tamu sawa ya kwako. Unisamehe, mwana wa mama."

Emérance alimkumbatia na sufuria yake, mchuzi ukamwagikia kitenge cha haradali, na hakuna aliyejali. Kumbe karani alikuwa amemrudishia Tharcisse mali yake. Alitoa bonboni mfukoni, akaivunja kwa meno, akampa Emérance nusu. Ilikuwa ngumu na inanuka maharagwe.

"Ile neno yenye haipiti mu simu," alisema. "Nitume wazee kwa papa yako?"

"Kwetu batu banakuja na mbuzi."

"Ngapi?"

"Kumi na mbili. Na ya ile miezi munane, hatujahesabu."

"Lori imekaa kwenye jua tangu siku ile, Emérance. Sijue kama itawaka."

"Basi utazileta kwa miguu."

Alikuwa anatania. Tharcisse hakuwa anatania.

Jumamosi ya tatu baada ya hapo, soko kuu la Bunia lilinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Wenye pikipiki walizima injini. Katikati ya barabara, kati ya samaki na viazi, alikuja kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, wazee wawili nyuma yake, na mbele yake mbuzi kumi na wawili, kila mmoja na uzi mwekundu shingoni. Njia ya kwenda kwa baba mkwe haikupita sokoni hata kidogo. Aliipitisha huko kusudi.

"Papa Tharcisse!" Emérance aliita kutoka kwenye kigoda, sauti ikimtetemeka kwa kicheko. "Hapa tunapita kwa foleni!"

"Miye nilikuja wa kwanza!"

Soko likalipuka kwa vicheko. Mbele ya Emérance kulikuwa na gunia ambalo mdomo wake ulikuwa umeshonwa nusu tu. Aliutazama uzi, akamtazama Tharcisse. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mama yake alipomkabidhi sindano, aliukata katikati, akainuka na kumfuata.