Kanda Kwenye Koti la Severin

—mamaaa, amemkosa tena!

Pajero ya Severin ilikata kona ya Matombo, vumbi likatanda, Shakila akabaki na Land Rover iliyochemsha.

Kachero mzima! Hana hata maji ya rejeta.

Severin, mpambe wa mgombea mpinzani, alibeba kanda ya kughushi: sauti ya Mama Zuleha, anayegombea uenyekiti wa chama mkoa, imekatwakatwa na kuungwa mpaka inawatukana Waluguru wote, wazima na wafu. Mchana huu wajumbe wanapiga kura mjini. Wakiisikia tu, kwisha habari yake.

Redio ya mkononi, Motorola, ikakoroma.

"Mindu, hapa Bondwa. Umeipata?"

"Bado, mama," akajibu Shakila, Mindu wa redioni.

"Wajumbe wanaingia ukumbini, mwanangu." Mama Zuleha alikuwa akichungulia mlangoni. "Nimekwisha."

Shakila akapanda mlima kwa miguu. Mbio!

Na kule juu, ile Pajero. Imepaki msibani.

Severin kafiwa na mjomba, na Mluguru gani anaupita msiba wa mjomba wake? Alikaa mkekani katikati ya wazee, mabaunsa wawili nyuma, mkono haubanduki kwenye mfuko wa koti.

Kanda imo humo.

Shakila aligusa Makarov kiunoni. Bastola msibani? Thubutu.

Ila yeye ni Mnyamwezi. Na Wanyamwezi na Waluguru ni watani!

Akavua viatu, akajipaka majivu usoni, akaingia bila hata shikamoo.

"Yuko wapi huyo marehemu? Amekufa makusudi, kakimbia zamu yake ya kulima!"

Kicheko kikalipuka. Hata wafiwa.

"Na huyu mpwa wake! Kaachiwa sura tu, akili mjomba kaondoka nazo!" Akamvua Severin koti, akalivaa, akakatika viuno.

"Lete koti langu!" Severin aliruka.

"Kaa chini!" mzee mmoja akafoka. "Unamkasirikia mtani msibani? Utatutia aibu ukoo mzima!"

"Basi nalikomboa! Sema unataka nini!"

"Mtani hana haraka, baba."

Mabaunsa wakatazamana. Hakuna aliyenyanyuka.

Shakila akatoka nalo akicheza; nyuma ya migomba akachomoa kanda, akavuta utepe wote, akaukatakata vipande. Koti akalitundika kwenye kioo cha Pajero.

"Bondwa, hapa Mindu. Ingia ukumbini, kichwa juu."

"Umeipata? Wee Shakila! Umeipataje?"

Akajifuta jasho, akaanza kurudi msibani, taratibu kama anayekwenda sokoni.

"Kesho nitakusimulia yote, mama. Leo niache nikamzike mtani wangu."