Aliyefuata Mzigo Majimoto

Huyu ninayemsema ni mdogo wake mama yangu mzazi, kwa hiyo asije mtu kuniambia nimeota. Mwaka juzi, mama mdogo Kabula alifukua shanga nyekundu akilima jaruba lake la mpunga hapa Majimoto. Akazitunga, akamvalisha binti yake Dorika kiunoni. Mimi nafundisha historia, na mdomo wangu haujui kutulia. Nikamwambia shanga kama hizo zilichongwa Khambat, bandari ya kale huko India. Zilivushwa bahari, wapagazi wakazileta huku bara kununulia pembe za ndovu. Na watu.

"Na hiyo bandari bado ipo?"

"Ilijaa tope, mama. Meli zikashindwa kufika."

Akacheka, tukaendelea kula.

Baada ya hapo Dorika akaanza kukonda. Zahanati walipima, malaria hakuna. Kila jua likifika utosini anainuka, anatembea kuelekea mashariki. Tulikata zile shanga tukazitupa mtoni. Asubuhi tukazikuta kiunoni mwake, na uzi haukuwa wetu.

Majirani wakasema twende kwa mganga. Mama mdogo akagoma. "Anayemtaka mwanangu aje mwenyewe. Mimi nipo."

Akaja. Mchana kweupe, tunamenya viazi. Mwanaume mrefu, kasimama mlangoni. Maji yanamchuruzika, na ilikuwa kiangazi. Kivuli hana.

"Nimefuata mzigo wangu," akanong'ona. "Ulishalipiwa."

Dorika akainuka. Mimi niliogopa, sifichi.

Mama mdogo akasimama katikati yao. Sauti haikumtetemeka.

"Unampeleka wapi? Bandari yenu imejaa tope, muulize mwalimu huyu. Hakuna meli. Hakuna tajiri anayekungoja. Aliyepokea shanga zenu simjui. Huyu nimemzaa mimi, na sijamuuza."

Akakata uzi kwa kisu cha viazi, akamrushia shanga usoni.

"Chukua chako. Toka kwangu."

Yule mtu akageuka, akatazama mashariki. Akatazama sana. Halafu hakuwepo, wala shanga hazikuwepo. Dorika akaomba ugali, akala akamaliza.

Mnabisha? Njooni. Pale mlangoni alipochuruzika maji yule mtu, ng'ombe wa jirani yetu Machibya wanalamba udongo mpaka wamechimba shimo. Nimeuonja, ni chumvi tupu, na masika mawili yameshapita juu yake. Mama mdogo hawafukuzi. Anawasogeza tu kidogo, anakaa hapohapo kumsuka Dorika nywele.