Nyimbo Kumi za Gitae

Haya yalimpata Eunsil, jirani yangu wa mlango wa kushoto hapa Chungju, Korea. Ni mwanamke asiye na makuu, ambaye kila msimu wa kimchi, kabichi ya kuchachusha na pilipili, alikuwa akinigongea na bakuli, kisha akisimama mlangoni kumsengenya mumewe kwa kukoroma. Alinisimulia mwenyewe, mchana kweupe, tukimenya vitunguu saumu.

Jumamosi moja ya Januari alikwenda kumsaidia mama yake kufungasha vitu. Nyumba yao ya zamani ilikuwa ibomolewe kupisha maghorofa, na bikizee hakutaka kuacha hata ufagio. Eunsil aliinamia pipa la mchele alifute, nyuma yake mkono ukagusa soksi iliyoviringishwa. Aliijua kabla hajaifungua. Ndani yake mlikuwa na MP3 ya kaka yake, Gitae.

Vijana wa sasa mtacheka. Kidude chenyewe kilikuwa kinene kama kipande cha sabuni, na kilibeba nyimbo kumi, basi. Ukitaka wa kumi na moja, ufute mmoja. Unakiunganisha na kompyuta kwa waya unaochomekwa kwenye tundu la printa, unakwenda kuchemsha tambi, unakula, unaosha sufuria, ndipo wimbo unamaliza kuingia. Lakini mwaka ule wa 1999 mtaa mzima ulimwita Gitae "bwana redio", naye alitembea nacho shingoni hata chooni.

Baridi hiyo hiyo Gitae alikwenda kuvua samaki juu ya barafu ya bwawa. Barafu ikapasuka, akazama. Baada ya mazishi mama yao alichoma vitu vyake vyote nyuma ya nyumba, nguo, viatu, waya, hata mswaki, kama inavyofanywa huku kwetu, ili marehemu asiwe na cha kurudia. Eunsil moyo haukumruhusu. Alikificha kidude.

"Mama, ona nilichopata," alisema sasa.

Mama yake alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. "We mtoto una wazimu? Miaka yote hii nimelala na kitu cha marehemu ndani?"

"Ni redio tu, Mama."

"Kichome. Leo hii."

Hakukichoma. Alikitia mfukoni, akarudi nacho kwake.

Mumewe, Dusik, alikuwa jikoni akimenya tufaha. Alikuwa rafiki wa Gitae tangu shuleni. Msiba ndio uliomsogeza karibu na ile familia. Alimchotea bikizee maji, akamtengenezea paa, mpaka mwishowe akamwoa binti. Mtu mpole, hana kelele. Alipokiona kile kidude, kisu kilisimama.

"Ulisema kilichomwa."

"Nilidanganya." Eunsil alicheka. "Unaogopa redio, Baba Sehi?"

Dusik hakucheka. Alirudia kumenya, polepole, na ganda likawa nene kuliko tufaha lenyewe.

Eunsil alitia betri. Kikawaka! Alivaa spika za masikioni, akasikiliza nyimbo zote, machozi yakimtoka kwa raha na uchungu. Wa kumi ukamchekesha kabisa. Ulikuwa wimbo wa wazee, aliokuwa akiupenda mama yao. Asubuhi ya mwisho, Gitae akinywa supu, Eunsil alifuta wimbo mmoja wa magitaa na kumwekea huo kwa utani. Gitae aliugundua akiwa mlangoni na ndoano zake, kidude shingoni. "Nikirudi utanitambua!" alifoka. Hakurudi.

Kicheko kikamkatika.

Kidude hiki kililetwa na Dusik, siku ya msiba. Alisema Gitae alikisahau kwake jana yake usiku, na katika kilio kile hakuna aliyeyapima maneno. Alisema pia kwamba siku ile yeye mwenyewe hakufika bwawani, alikuwa kitandani na mafua. Sasa kama kililala kwa Dusik, wimbo wa asubuhi uliingiaje?

Alimuuliza. Dusik alimkatia kipande cha tufaha. "Mama Sehi, miaka ishirini na tano! Hata ulichokula jana hukumbuki."

Alikila. Hakikuwa na ladha.

Tangu hapo akawa anamtazama mumewe kwa jicho la pembeni. Mambo aliyoyazoea yakaanza kumkera. Mbona huyu mtu hali samaki wa bwawani? Mbona Sehi alipokuwa mdogo wakampeleka kucheza kwenye barafu, baba yake alibaki garini, madirisha amefunga? Ni huzuni ya rafiki, alikuwa akijiambia zamani. Sasa aliona haya kwamba aliwahi kuamini.

Akasikiliza tena. Wimbo wa kwanza haukuwepo. Mahali pake palikuwa na upepo.

Alidhani betri. Akabadilisha. Kesho yake wa pili haukuwepo, na katika upepo mlikuwa na buti zikikanyaga theluji. Buti za watu wawili. Eunsil akapekua nyumba nzima. Hapakuwa na kompyuta yenye lile tundu, na waya ulishakuwa majivu tangu enzi. Hakuna mtu angeweza kuingiza kitu humo. Lakini kitu kilikuwa kinaingia, na kila kilipotaka nafasi kilifuta wimbo.

Mwisho ukabaki ule wa mama tu.

Asubuhi yake theluji ilikuwa imeanguka. Walikaa mezani kunywa chai. Eunsil alipiga moyo konde, akatia spika moja sikioni mwake, nyingine akamnyoshea mumewe.

"Sikiliza na mimi."

"Sitaki."

"Kama hukuwapo, unaogopa nini?"

Dusik aliivaa.

Upepo. Buti. Kisha mlio mrefu, wa barafu inayolia kwa chini. Kisha maji. Mtu akihema ndani ya maji. Karibu. Karibu mno.

"Dusik."

Hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua. Ukiitwa na usiyemwona, usiitikie, ukiitikia utachukuliwa. Eunsil alimkamata mumewe mkono. Akatikisa kichwa.

"Dusik. We, Dusik."

Dusik aliuchomoa mkono wake.

"Dusik..."

"Naam, Gitae," alinong'ona. "Nipo."

Sauti ikakatika. Kidude kikazima.

"Aliniita hivyo hivyo," Dusik alisema, akitazama chai yake. "Alinivika redio isilowe wakati anatoboa barafu. Ilipopasuka alininyoshea mkono. Sikuushika. Niliogopa, Mama Sehi. Nilisikia jina langu mpaka barabarani."

"Na mimi?" Eunsil aliuliza. "Ukanioa mimi, ukijua?"

"Ningekwambia, ungenikubali?"

Dusik alinyanyuka, akavaa koti. Akavaa buti mlangoni, akafunga kamba vizuri kama mtu anayekwenda kazini. Eunsil alijua anakokwenda. Neno lilikuwa moja tu, na lilimfika ulimini. Kaa. Alimpenda yule mtu. Alimeza neno, akasikia lifti ikishuka.

Mchana askari alipiga simu. Wameliona gari kando ya bwawa. Nyayo za buti zinaelekea kwenye tundu la barafu na kuishia hapo. Wapiga mbizi wako njiani.

"Mama, samahani," askari aliongeza, akishusha sauti. "Mumeo alikuwa na mwenzake?"

"Kwa nini?"

"Kuna nyayo nyingine. Za miguu mitupu. Hatuoni zilipoingilia. Zinaanzia kwenye tundu, zinatoka."

Eunsil aliketi. Viatu vya kaka yake mama alivichoma vyote. "Zinaelekea wapi?"

"Barabarani. Upande wa mjini."

Dusik alipatikana jioni, akazikwa. Eunsil hachomi vitu vyake na hataki kuulizwa. Mlango wake haufungi tena kwa ufunguo. Nilipomwonya juu ya wezi, alinisogezea bakuli la vitunguu saumu.

Mimi wangu naufunga mara mbili. Asubuhi nikitoka kwenda kazini naikuta korido imelowa, kuanzia kwenye lifti mpaka kizingitini kwake. Mlinzi anasema ni bomba linavuja. Nimemuuliza bomba gani linapita pale. Siku hizi haji kwenye ghorofa yetu.