Askari wa Luteni Niyongabo

Jua lilikuwa linazama Niyongabo aliposhuka kwenye minibasi, ametoka kubeba matofali mtaa wa Area 25, mjini. Bado mwendo mrefu mpaka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Baiskeli ya kabaza, ya kubebea abiria kwa malipo, ikasimama mbele yake.

"Panda, papa Akeza." Ni Gaspard, jirani yake, Mkongo wa Bukavu.

Akapanda.

Kambini hakuna aliyejua kwamba Niyongabo ni mganwa, mtoto wa ukoo uliotawala Burundi enzi za wafalme, wala kwamba vita vilipolipuka mwaka wa tisini na tatu alikuwa luteni. Mkewe Générose alijua nusu tu. Hakujua habari za Ndikuriyo, askari aliyekulia kwao, aliyekataa kuchoma nyumba iliyojaa wanawake. Niyongabo alimpiga risasi ya shingo, kisha akaiwasha nyumba kwa mkono wake.

Upepo ukakatika. Baiskeli ikawa nzito, ikalia kwii... kwii... Ikaja harufu ya petroli. Na ya nywele zinazoungua.

"Gaspard, umebeba nini?"



Mgongo wa Gaspard ulikuwa umelowa. Niyongabo akagusa. Damu, tena yenye joto.

Kichwa kikageuka, taratibu, kikapita mahali ambapo shingo ya mtu hugoma.

"Luteni," kikanong'ona kwa Kirundi, lugha ambayo Gaspard hakuijua. "Leo nimekubali. Tuanze na nyumba ipi?"

Niyongabo alichomoa nyundo yake ya kazini akapiga. Wakaanguka. Akapiga tena na tena, meno yakaruka, mpaka ile sauti ikanyamaza.

Uso uliokuwa vumbini ulikuwa wa Gaspard.

Gaspard hakufa. Aliwaambia polisi kwamba ameanguka. Niyongabo alipokwenda kumwona hospitalini, Gaspard alinong'ona kwa mdomo uliopasuka: "Mi sikusema kitu, papa. Nilisikia baridi inaingia mu shingo. Tulikuwa batatu kwa baiskeli."

Siku hiyo Niyongabo alimwambia mkewe kila kitu.

"Mu ile nyumba mulikuwa batoto?" Générose aliuliza.

 Générose akamshika mtoto wao Akeza mkono, wakaenda kwa dada yake Eugénie, Area 36.

Jioni, buti zikaja. Zikasimama mlangoni.

"Nyumba ipi, luteni?"

Nje watu walikuwa wanapika nsima, ule ugali wa mahindi, watoto wanacheka.  Akinyamaza, kile kitu kitajichagulia nyumba.

"Yangu," alisema. "Hii tu."

Kelele zake zilisikika mpaka barabarani. Majirani walipovunja mlango hapakuwa na moto. Kuta zilikuwa baridi, hata jani moja la paa halikuungua. Nguo zake zilikuwa nzima, lakini chini yake ngozi yote ilikuwa imebabuka.

Kabibi, jirani, alimwinua kichwa amnyweshe maji. Niyongabo hakuyanywa. Alikuwa anatazama juu ya bega la Kabibi.

"Nimekwambia hii tu," alinong'ona. "Mbona unamshika huyu?"

Akakata roho.

Kabibi alipapasa shingo yake mwenyewe. Ilikuwa baridi.