Joho Lililofungwa Kinyume

Najua hutaniamini. Umeshaanza kutabasamu hata sijafika popote. Sawa, tabasamu. Ila tuwekeane sharti: ukimaliza hadithi hii, panda peke yako juu ya ukuta wa mji wa Xi'an, jioni ile watu wanapowachomea wafu nguo. Tembea mpaka kona ya kusini mashariki, kisha ucheke hapo. Ukiweza, nitakuita bosi mpaka nife.

Mimi si mwoga. Shule niliiacha mapema, na mwalimu wangu wa hesabu alifurahi kuliko mimi, lakini kamera naijua. Pale Lango la Kusini wapiga picha tumejaa hadi tunakanyagana, na bado wageni walikuwa wakishuka kwenye basi wananiulizia mimi, kwa jina. Mama yangu alilitarizi jina hilo kwa uzi wa njano kwenye mkoba wa kamera, kubwa, hata kipofu angeliona. Wenzangu walikuwa wakinuna. Mimi nikawa natembea na mkoba umeelekea mbele.

Kazi yetu ni hii. Mgeni anakuja, anavishwa joho la kale, anasukwa nywele na kuchomekwa mapini, anapandishwa ukutani, anapigwa picha kama binti wa mfalme. Mimi napiga. Majoho ni ya Mama Miao, mwenye duka, mwanamke mwenye sauti ya king'ora. Kuvisha alikuwa anavisha yeye mwenyewe, haruhusu mtu mwingine kugusa.

"Wewe mikono yako ni ya kubonyeza tu," alikuwa akiniambia. "Kubonyeza na kula."

Jioni hiyo alifunga mapema. Ilikuwa siku ya nguo. Baridi inapoanza, kila familia hapa kwetu inawatumia marehemu wake nguo za karatasi, wasitetemeke huko waliko. Unachora duara kwa chaki njia panda, unaandika jina la marehemu kwenye furushi, unachoma. Mama Miao alikuwa na furushi la mumewe kwapani.

"Jua likizama, hakuna mteja," akasema. "Umenisikia, domo?"

"Nimesikia, mama."

"Umesikia kwa sikio au kwa mdomo?"

"Kwa yote mawili."

Akanitazama vibaya, akaenda zake.

Hajafika mbali, mlango ukafunguliwa. Msichana. Shavu jekundu kwa upepo, begi mgongoni, mkononi kipande cha keki ya persimoni, lile tunda tamu la hapa kwetu.

"Kaka, bado mko wazi?"

"Kwako wewe mrembo? Hata duka likiungua."

"Punguza. Nimeshasikia hiyo kwa muuza mishikaki."

Aliitwa Geng Ruolan, mtu wa Harbin, huko kaskazini ambako mito inaganda mpaka magari yanapita juu yake. Kesho asubuhi alikuwa na treni. Alikuwa ameshaona kila kitu ambacho wageni huja kuona: mnara wa kengele, pagoda, jeshi la sanamu za udongo.

"Wale askari wa udongo wote walininunia," akasema. "Nimebakiza ukuta tu. Nataka picha na taa nyekundu zikiwaka. Bibi yangu hatembei tena, nimemwahidi nitamletea."

Nikamwambia jina langu, nikamwonyesha na mkoba. Akalisoma kwa sauti, akacheka. "Jina kubwa kuliko mwenyewe."

Ningemfukuzaje mtu wa namna hiyo?

Nikamvisha mimi. Joho la hariri jekundu, juu ya sweta lake. Nilisimama mbele yake, uso kwa uso, nikachukua upande mmoja wa kifua nikaulaza, nikachukua wa pili nikaulaza juu yake, nikakaza mshipi. Akajitazama kwenye simu yake, ile kamera ya mbele inayoonyesha kama kioo.

"Niko sawa?"

"Uko sawa."

Kwenye simu alionekana sawa kabisa.

Tukapanda. Mlinzi wa ngazi akanung'unika kwamba karibu wanafunga, nikamrushia sigara, akanyamaza. Juu kulikuwa na watu wachache, wanarudisha baiskeli za kukodi. Taa nyekundu zilikuwa zimewashwa, safu ndefu, mpaka macho yanachoka. Hapo langoni watu walikuwa wanaingia kwenye picha yangu, kwa hiyo nikampeleka mbele, mpaka kona ya kusini mashariki. Hapo hapana mtu.

"Hii ndiyo mnaita baridi?" Ruolan akanicheka. "Kwetu siku kama hii tunaanika nguo."

Alikuwa anaongea, na kila neno lilitoka na mvuke mdomoni. Wangu pia. Mivuke yetu miwili ilikuwa inakutana katikati, na mimi, nisikufiche, nilikuwa napenda.

Chini ya ukuta mioto ilikuwa imeanza. Njia panda moja, njia panda ya pili, duara baada ya duara. Moshi wa karatasi ukapanda mpaka kwetu. Unaijua harufu ile. Inakaa kooni.

Nikapiga picha. Ageuke. Nikapiga. Ashike mkono wa joho. Nikapiga.

Majivu yakaanza kudondoka, mepesi, kama manyoya. Yakitua kwangu, napangusa, yanakwenda. Yakitua kwenye mabega yake…

Yanapotea. Kama yanaingia ndani ya kitambaa.

Nikatazama kioo cha kamera nione kama nimeota. Hapo ndipo nilipoona kifua chake.

Hapa kwetu hata mtoto anajua. Joho la mtu aliye hai, upande wa kushoto unalalia wa kulia. Maiti hufungwa kinyume, wa kulia juu, ili wenzake huko wamjue ni mwenzao. Mimi nilimvisha nikiwa nimemtazama. Kushoto kwangu kulikuwa kulia kwake. Na ile simu, kwa kuwa inageuza kila kitu kama kioo, ikamgeuza akaonekana yuko sawa.

Nilimvisha kama maiti. Siku ya nguo. Nikampandisha ukutani, moshi ukimfikia.

"Ruolan," nikasema. "Njoo turekebishe joho."

"Kaka…" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nasikia baridi."

Mtu wa Harbin.

Nikamtazama mdomo. Alikuwa anaongea, midomo inacheza, lakini mvuke haukutoka.

Wangu ulitoka. Wake haukutoka.

Nikamrukia, nikashika mshipi. Fundo langu mwenyewe, nililolifunga kwa vidole viwili, likawa gumu kama kamba iliyolowa maji. Nikavuta. Likakaza zaidi. Midomo yake ikaanza kugeuka rangi.

Nyuma yangu nikasikia miguu. Miguu mitupu, juu ya matofali, polepole.

Tap.

Tap.

Kisha harufu. Udongo wa chini kabisa, ule wa kisima kilichofukiwa.

"Imefika?" sauti ikanong'ona.

Alikuwa mwanamke. Si mzee, si kijana. Kavaa kitu chembamba ambacho siwezi kukiita nguo, kimebaki nyuzi nyuzi, lakini pale kifuani niliona kimelala vipi. Upande wa kulia juu. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama joho, kwa tamaa ya mtu mwenye njaa aliyefunuliwa sufuria.

"Imefika," akasema tena. Akaupapasa mkono wa joho. "Nzuri… Wamenikumbuka."

"Si yako, dada," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto, na ukimwambia mtu nitakukana.

"Ina jina la nani?"

Nikaendelea kulivuta fundo.

"Haina jina," akasema taratibu. "Isiyo na jina ni ya anayewahi. Nimewahi, mdogo wangu."

Na huko nyuma yake, gizani, kando ya mnara wa ulinzi wa pale konani, nikasikia kama karatasi nyingi zinasuguana. Sauti nyingine, za kunong'ona, zikiulizana.

"Na yangu je?"

"Na yangu?"

Ruolan akalegea. Nikamdaka. Alikuwa mwepesi kuliko anavyostahili kuwa, mwepesi kama joho lenyewe, kana kwamba ndani yake mtu amepungua. Macho yalikuwa wazi. Nikaweka shavu karibu na mdomo wake. Hamna kitu. Nilifikiria bibi yake kule Harbin, ameketi anasubiri picha.

Sasa mimi, kama unavyojua, mdomo ndio mtaji wangu.

"Dada," nikasema, "utavaa hili? Hili la kukodi? Limevaliwa na watalii mpaka limechoka. Hariri nyepesi, halina pamba hata kidogo. Baridi ya mwezi wa kumi na mbili utaipitishaje? Mwachie huyu. Kesho nitakuchomea koti zito la pamba, na viatu, na kofia."

Akageuza uso. Mara ya kwanza akanitazama. Sitakueleza macho yale.

"Utaliandika jina gani?"

"Lako. Niambie."

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Sina," akanong'ona. "Waliolijua wamekwisha wote. Ndiyo maana sipati."

Zile sauti za nyuma zikasogea.

Nikampa jibu.

Akalifikiria. Kisha akaachia mkono wa joho, kidole kimoja kimoja, na fundo likafunguka lenyewe kama halijawahi kuwa gumu. Nikaligeuza lile joho haraka, kushoto juu ya kulia, nikalishikilia hapo kwa viganja vyote viwili.

Ruolan akavuta pumzi. Mvuke ukatoka. Mweupe, mwingi, mzuri kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga.

Nilipoinua macho, hapakuwa na mtu, ila taa nyekundu, na matofali yenye nyayo za maji. Novemba ile mvua haikuwa imenyesha.

Nilimshusha ngazi nimemshika kiuno. Mlinzi akacheka: "Mmekunywa?" Ruolan hakukumbuka kitu, ila kwamba aliona usingizi. Nikamnunulia supu ya kondoo, akala mpaka akatoka jasho, akanitania lafudhi yangu. Asubuhi akapanda treni. Picha nikamtumia, zile za mwanzo tu. Bibi yake alifurahi sana, nimeambiwa.

Hapo ndipo huwa naishia. Watu wananipigapiga mgongoni, wananiambia wewe kiboko, umemshinda hata mfu kwa maneno. Nami nacheka.

Lakini wewe umekaa mpaka hapa bila kunikatiza. Basi nikuambie kile ninachokirukaga.

Unataka kujua jibu nililompa?

Nilimwambia: "Chukua langu."

Siku ya pili nikalichoma koti, kama nilivyoahidi. Duara la chaki, furushi, na jina langu juu yake kwa mwandiko wangu. Sijaliandika tena tangu hapo. Siwezi.

Tangu nianze kusimulia, umelisikia jina langu? Sikufichi. Nikitaka kulitaja, pale linapokaa pana baridi tu. Nyuzi za njano kwenye mkoba zimefumuka zenyewe, yamebaki matundu ya sindano. Mama Miao alikuwa akiniita domo kwa utani, siku hizi ananiita "wewe", na wakati mwingine anashtuka kunikuta dukani. Hakuna mgeni anayeshuka kwenye basi akiniulizia. Nilimwandikia Ruolan kwenye simu kumsalimu. Akajibu kwa heshima: "Samahani, nani mwenzangu?"

Mwaka mzima nimevaa makoti mawili. Juzi nilipumua kwenye kioo cha dirisha. Kikabaki kikavu.

Na juzi hiyo hiyo ilikuwa siku ya nguo. Mama akanipigia simu kutoka kijijini, sauti imekwaruza kwa moshi.

"Nimemchomea babu yako," akasema. "Halafu, mwanangu… nikachoma na koti jingine. La pamba. Sijui kwa nini nililinunua. Mkono uliandika jina wenyewe, nikabaki nalitazama."

"Jina gani, mama?"

Akakohoa.

"Jina zuri. Limenitoka. Ila nililia sana nilipokuwa nachoma, kama nimezika mtoto."

Sijui koti lile lilimfikia nani. Najua tu kwamba nilikuwa nimesimama pale langoni, simu sikioni, upepo unapiga, na mabega yangu yakaanza kupata joto. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.